Kichwa Changu Magotini mwa Mama

Sisi tuliokulia mtaa wa Katuba wakati ule, Jumamosi tuliijua kwa kichwa. Vyombo vikishaoshwa na uwanja kufagiliwa, mama alitoa kiti chake kidogo cha mti, akatandika mkeka mbele yake, akaanza kutuita kuanzia mkubwa. Hukungoja kuitwa mara mbili. Uliketi chini, akakibana kichwa chako kati ya magoti yake, na hapo ulikuwa mfungwa mpaka jua ligeuke. Siku hizi mabinti wanalia simu ikiisha moto wa betri. Sisi tulilizwa na kichana cha mti, na machozi yetu yalikuwa na sababu.

Bado nasikia harufu ya saa zile: vazelini, kitenge cha mama kilichofuliwa kwa sabuni ya kipande, maharagwe yanayochemka pembeni juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Kule njiani wenzangu walikuwa wakicheza nzango, wakipiga makofi na kurusha miguu, na mimi niliwasikia tu. Mama aligawa nywele kwa mistari, akazungusha uzi mweusi kutoka kwenye ngozi hadi nchani, akavuta mpaka nyusi zikapanda. Nywele zilizokatika alizikusanya zote akazitupa kwenye makala ya moto, zisiokotwe na mtu. Alikuwa na sheria moja, na aliirudia kila wiki.

"Usiache muntu akushike kichwa. Nywele yako ni miye tu."

Huku akisuka, alituchunguza. Upele aliukuta, kidonda tulichokificha alikikuta, na homa aliijua kabla sisi wenyewe hatujaisikia. "Kichwa yako iko moto," aliniambia siku moja. "Ulikunywa mayi ya wapi?" Nilikuwa nimekunywa ya kisima ambacho tulikatazwa. Nilidhani kutusuka ilikuwa kazi yake nyingine, juu ya kufua na kusonga bukari. Sikujua kwamba ndipo alipokuwa anapumzika.

Mwaka niliokuwa na miaka tisa, mama alikwenda Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, kutafuta samaki wakavu wa kuuza sokoni. Safari zake hazikupita siku nane. Kabla ya kuondoka alinisuka kwa nguvu kuliko kawaida, ili nywele zidumu. "Zile nyuzi nitafungua miye mwenyewe, siku nitarudia," alisema. Kisha akapanda lori, na tantine Berna, dada mdogo wa baba, akaja kutulea.

Mvua ikaanza. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Madereva walisema barabara imekatika, malori yamelala kwenye matope. Hakukuwa na simu wakati ule. Habari ilifika na mtu au haikufika. Kila jioni baba, akitoka kazini, alipita mahali malori yaliposhushia mizigo, akarudi, akala. Tulijifunza kutomuuliza.

Wiki ya tano, kichwa changu kilikuwa aibu. Nyuzi zilikuwa zimezama ndani ya nywele, nywele zimeshikana, na chawa walikuwa wamejenga humo. Mwalimu alinitoa darasani mbele ya wote. Tantine alijaribu kunifungua, nikamuuma mkono. Alijaribu kunibembeleza kwa mihogo na karanga, nikavichukua, kisha nikakimbia. Tantine hakuwa mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alikuwa amechoka tu. Siku moja, jua likianza kushuka, alichemsha maji, akaniita nyuma ya nyumba, na mkononi mwake nikaona wembe.

Mwezi mmoja nyuma, kwenye avenyu yetu, msichana wa rika langu alikuwa amefiwa na mama yake. Nilimwona siku waliyomnyoa, ameketi katikati ya wanawake, kichwa kinang'aa. Kwetu ndivyo mtoto alivyosema kwamba mama yake hayupo tena, bila kufungua mdomo. Sikuwahi kuona msichana ananyolewa kwa sababu nyingine yoyote. Kwa hiyo nilipouona ule wembe nilielewa yote mara moja: habari imefika, wakubwa wanajua, na mimi wananificha.

Nilitoka mbio mpaka njiani nikipiga kelele. "Mama alikufa! Mama alikufa!"

Nyinyi mliokulia kule mnajua kilichofuata. Mama Kabedi, jirani yetu, aliacha bukari yake motoni, akafunga kitenge kiunoni akaingia kwetu analia. Nyuma yake wakaja wengine. Wanaume walileta mabenchi, wengine wakaanza kutoa viti na meza nje ili wanawake wapate nafasi ya kuketi chini. Tantine alisimama katikati ya uwanja anapaza sauti: "Hapana, jamani! Ni chawa! Ni chawa tu!" Lakini nani angemsikiliza? Ameshika wembe, mtoto analia mama, na watu wote wa avenyu walikuwa wakihesabu wiki kimoyomoyo.

Baba alirudi kutoka kazini akakuta kilio katika uwanja wake. Hakuuliza. Aliketi chini, palepale langoni, kwenye udongo uliolowa, na suruali yake ya kazi. Sikuwa nimewahi kumwona baba ameketi chini. Ilibidi tantine apige magoti mbele yake, amshike mabega, amwambie mara tatu kwamba hakuna habari yoyote.

Wanawake walifuta macho. Viti vilirudishwa ndani. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyenigombeza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika kwamba nimesema uongo. Hilo ndilo lililonitisha kuliko wembe. Tantine alinifunga kitambaa kichwani, na tangu siku ile hakunigusa tena nywele.

Zikapita siku tisa. Alhamisi moja, saa za mchana, mama aliingia langoni kwa miguu yake. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu, na anatembea polepole. Malaria ilikuwa imemwangusha Kasomeno, na mama mmoja muuza samaki alimlaza nyumbani kwake na kumlisha uji wiki baada ya wiki. Mama Kabedi alimshika mkono, akaubinya, kisha akaanza kulia upya. Mama hakuelewa analia nini. Aliomba maji ya kunywa, na akaomba kiti chake.

"Kuya apa, mama," aliniita.

Nilikwenda. Alifungua kitambaa, akazipapasa nyuzi.

"Nani alikukataza kufungua?"

"Ni weye."

Alianza na uzi wa kwanza. Hakukata hata uzi mmoja. Alifungua polepole, kwa mafuta, mpaka jua likageuka mbali. Machozi yake yaliniangukia shingoni na sikugeuka. Kisha vidole vilishuka nyuma ya masikio, vikafika mabegani, vikasimama.

"Haukukuwa unakula," alisema.

Sikuwa nimemwambia mtu. Chakula changu nilimpa kaka yangu, kila siku.

"Kule Kasomeno," akasema tena, "nilikuwa naangalia hii mikono yangu, iko bure tu. Njo ile ilikuwa inaniuma kupita homa."

Nilizaa mwenyewe ndipo nikaelewa alichosema. Mama ameshatutoka sasa, sikuweza kumwambia kwamba nimeelewa. Binti yangu alipokuwa mdogo alisinzia nikimsuka, kichwa chake kikilalia paja langu, kizito, chenye joto. Mguu ulikufa ganzi na sikuusogeza. Kama kuna furaha nyingine kubwa kuliko ile, mimi sijapewa.

Leo ana miaka kumi na saba na wigi tatu. Jumatatu nywele zinafika kiunoni, Jumanne zimekatwa sikioni, Jumatano jirani ananiuliza yule mgeni wetu ametoka wapi. Akienda saluni, anayemsuka ana muziki masikioni, na yeye anayesukwa ana wake. Wanakaa hivyo saa nne bila kuambiana neno. Anapendeza, sikatai.

Jumamosi iliyopita alirudi nyumbani, na macho yake sikuyapenda. Nilimwambia njoo nikusuke. Akacheka. "Mama, ile ni ya zamani." Nikamwuliza kama yuko mzima.

"Niko bien, mama," akasema, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Mama yangu angejua kwa vidole. Mimi nilibaki nimesimama pale nje, sina kingine ila neno lake, na ikanibidi kuliamini.