Mama Alivyochagua Hoteli Nizwa

Binti yangu alipokaribia kumaliza chuo kikuu Nizwa alinipigia simu na sharti moja: bibi yake awepo siku ya sherehe, la sivyo yeye joho havai. "Bibi ndiye aliyenifundisha kusoma, mama. Wewe ulikuwa kazini." Haya, nikalimeza hilo, maana ni kweli.

Kazi ikawa kwa mama. Sisi tunakaa Sur, mji wa pwani, na kutoka huko mpaka Nizwa utakaa ndani ya gari hata kiuno kikusahau. Sherehe yenyewe ya jioni. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwa mwanamke wa umri wake, haiwezekani, lazima kulala. Na mama halali nje. Tangu marehemu baba amjengee nyumba yake hajalala kwengine, isipokuwa hospitali mara moja, na hata huko aliwasumbua mpaka wakamrudisha. Nilipompa habari alipiga kigelegele hapo hapo jikoni, kisha akasema, "Mtanionyesha kwenye simu."

"Mama, mjukuu wako anakutaka wewe, hataki simu."

"Mpe salamu."

Nikadhani ni magoti. Nikaanza habari za mito ya garini na mahali pa kupumzikia njiani. Wapi! Mama akishaamua lake, hata na wewe umeshaamuliwa.

Sasa, nina shangazi Nizwa, dada wa marehemu baba, ameolewa huko tangu mimi sijazaliwa. Habari zilipomfika akapiga simu: "Vitanda nimeshatandika, na mbuzi nimeshaagiza." Kwetu sisi, kulala hoteli katika mji wenye jamaa yako ni tusi. Nikaona mambo yamekwisha. Nikaenda kwa mama mbio mbio: "Mama, mawifi mtakutana! Tutafikia kwa shangazi!"

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaliweka sinia chini. "Ndiyo hasa sitaki," akasema.

Miaka yote hii sijamsikia akimsema wifi yake kwa ubaya.

"Wifi yangu mwema, hajanitamkia neno baya hata siku moja. Lakini wewe ulikuwa mdogo, hujui. Tuliporudi kutoka Unguja tulikaa kwake muda wote ule baba yako anatafuta kazi. Nikitaka chumvi, niombe. Ukilia wewe, nikuzibe mdomo. Nikiwa na njaa, nitazame wenyewe wanakula saa ngapi. Nimeshakuwa mgeni, mwanangu. Ugeni nimeushiba."

Roho iliniuma. Mimi nyumba ile naikumbuka kwa raha tu, ua mpana, binamu tele, na mfereji wa maji tukitia miguu mchana kutwa. Kumbe mimi nacheza, na mama anatembea kwa vidole asije akasikika.

"Basi twende hoteli," likanitoka.

"Hoteli?"

"Ndiyo. Chumba chako, na ufunguo wako."

Akalichukua sinia, akachambua kidogo. "Na jikoni kwao, naingia?"

"Huingii."

"Nikitumia kikombe?"

"Wanaosha wao."

"Hawanuni?"

"Mama, ndiyo kazi yao!"

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Basi itafute. Lakini nachagua mimi."

Loh, laiti ningelijua! Binti yangu alikuwa wa kwanza kuleta picha. Nizwa siku hizi zile nyumba za udongo za mji wa kale, vichochoroni karibu na ngome, zimefanywa nyumba za wageni: boriti za magogo ya mitende, taa za shaba, na juu ya paa unakunywa chai mji wote uko chini yako. Mimi nilipenda papo hapo. Mama akaishika simu mbali na macho, akatazama.

"Hii si nyumba ya babu yako, kule kijijini Samad?"

"Inafanana nayo, mama."

"Mimi nimezaliwa ndani ya udongo huo huo. Nge walikuwa wakitudondokea kutoka darini. Baba yangu kavuka bahari kuukimbia, leo nikaulipie?"

Basi, udongo ukafa hapo. Mume wangu akataka lile jengo refu la barabara kuu, lenye bwawa la kuogelea. "Nani ataogelea? Mimi?" Lile nalo likafa. Ya tatu aliipenda, akaipenda kweli, mpaka tuliposikia lifti yao mbovu na chumba kiko juu.

Ikawa kila jioni baada ya chai napiga simu mahotelini, na mama kaniketia ubavuni ananitia maneno. "Muulize chooni kuna mpira wa maji." "Muulize dirisha linafunguka, au tunafungiwa kama kuku." "Muulize yeye mtu wa wapi."

"Mama, hilo la nini?"

"Mtu nitalala kwake nisijue ametoka wapi?"

Wengine walinijibu kwa haraka haraka, mmoja akanikatia. Lakini mmoja, kijana wa Kihindi kutoka Kerala, alijibu yote, kisha akauliza yeye: mama magoti yanamuuma, au mgongo? Maana yeye ana chumba cha chini, hakina ngazi hata moja, dirisha linatazama mitende, na mama yake mwenyewe huko kwao ni mbishi hivyo hivyo. Mama akaninyang'anya simu. Wakazungumza kwa Kiarabu cha kuvunjika, huyu akimuuliza mwenzake hali ya mama yake, mwenzake akiuliza ya magoti. Aliporudisha simu alikuwa kama bibi harusi aliyeridhika na mahari. "Hapo hapo," akasema. "Huyu ana adabu."

Akabaki shangazi. Nilimpigia mwenyewe, nikamweleza kwa heshima zote. "Kaka yangu angekuwa hai," akasema, "mngelala hoteli?" Akakata. Nikapiga tena na tena, hapokei. Wallahi nilikosa raha. Mama nimempata, shangazi nimempoteza, na katika ndugu za baba kabaki yeye peke yake.

Tulifika Nizwa kabla ya adhuhuri. Mama alipewa kile kikadi cha kufungulia mlango, akakigeuza huku na huku, akafungua mwenyewe, mguu wa kulia kwanza, na bismillahi. Akakaa kitandani, akainuka, akafungua kabati, akalifunga, akafungua dirisha, akaliacha. Kisha akafungua mkoba. Subhanallah! Birika la kahawa, vikombe, tende, halua, na chetezo cha umeme. Chumba kikanukia udi mpaka yule kijana wa mapokezi akaja kuuliza kama kuna kinachoungua. Akapewa halua.

Baada ya alasiri mlango ukagongwa. Nikafungua. Shangazi, na mkongojo wake, na uso kaukunja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe nitakushughulikia baadaye. Fungeni mizigo, gari iko nje!"

Mama akainuka kitini polepole, akajitengeneza mtandio, akafungua mikono. "Wifi yangu! Karibu. Karibu kwangu."

Na mtu akishakaribishwa, kwetu, hana njia ya kubaki mlangoni. Shangazi akaingia, akaketi. Kikombe cha kwanza akanywa kanuna. Cha pili akaonja na halua. Mama akammenyea chungwa, akamwekea kipande kipande mkononi.

"Lakini wifi," shangazi akasema, na sauti sasa imeshuka, "kwangu kumepungua nini?"

"Kwako hakujapungua kitu. Kwako nilikula mpaka nikanenepa. Leo niache na mimi nikulishe."

Shangazi akanyoosha kikombe. "Tia," akasema.

Jioni tulikwenda sote. Walipomwita binti yangu jina, mawifi wale wawili walipiga vigelegele kabla hajafika hata katikati ya jukwaa, na mkongojo wa shangazi juu hewani, watu wote wakageuka. Mtoto akawaona. Badala ya kutembea kwa haiba kama walivyofundishwa, akacheka meno yote nje. Mimi nililia mpaka wanja ukanifika kidevuni, na sioni haya kusema, sijapata kuwa na furaha kama ile.

Kurudi hotelini, shangazi hakwenda kwake. Mama alimwambia, "Humu vitanda viwili, na mimi ni mmoja." Nikawapigia simu nyumbani kwake kwamba bibi yao analala nje, wakafikiri anaumwa.

Asubuhi nilichukua sinia kutoka chumba cha kulia, birika la chai ya maziwa, mikate, mayai, asali, nikawapelekea. Niliwakuta wameamka, kila mmoja kaketi kitandani kwake, jua limeingia dirishani, wanacheka kitu ambacho hawakuniambia. Shangazi alipoliona sinia akaacha kucheka. Akavuta ncha ya mtandio akajifuta macho.

"Shangazi, kulikoni? Hutaki mayai?"

"Tangu niolewe," akasema, "nyumba yangu haijakosa wageni. Alhamdulillahi, ni baraka. Lakini sijapata kuamka, hata siku moja, nikaikuta chai nimepikiwa na mtu."

Mama akateremka kitandani, magoti yakalia, akaja akanipokonya birika mkononi.

"Hebu ondoka wewe," akaniambia. "Wifi yangu namtilia mimi."