Maswali Niliyoyaruka

Nilijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa haraka ya mtu anayeogopa kufukuzwa. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika wa pamba. Wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini na malori yao, ofisi yetu ikapungua meza moja moja, hadi ikafika zamu ya meza yangu. Nilikaa nyumbani Butimba miezi saba, nikifagia ua ambao nilikuwa nimekwisha kuufagia. Nilipopata kazi kwenye mradi wa kupima samaki wa ziwa, kwa sababu tu vidole vyangu vilikuwa vyepesi, niliapa kwamba safari hii hakuna atakayenikuta sijui.

Chumba cha kompyuta tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa umri wa baba yangu, ambaye pia alizunguka kwenye mialo, kule mitumbwi inakotia nanga, na rula akipima sangara wanaposhushwa. Mtaalamu wa kigeni aliyetufundisha lugha ile ya kuandikia programu alikaa wiki sita akaondoka. Alituachia kitita cha karatasi chenye maswali ambayo wanaoanza kujifunza huuliza sana, pamoja na majibu yake, yote kwa Kiingereza. Mwalimu aliyasoma moja baada ya jingine kama anayesahihisha mitihani. Mimi nilisoma yale niliyokwamia tu, mengine nikayaruka.

Kulikuwa na swali la kwa nini mstari usiposogezwa ndani sawasawa programu nzima inagoma. Hilo halikunisumbua, maana barua za ofisi zilikuwa zimeshanifundisha adabu ya nafasi. Lakini Mwalimu alipoiambia mashine igawe saba kwa mbili ikamjibu tatu, alivua miwani.

"Nusu imekwenda wapi?" aliniuliza.

"Andika saba nukta sifuri, Mwalimu, utaipata. Imeandikwa hapo."

"Nimeona ilivyoandikwa. Nauliza imekwenda wapi."

Siku mbili hakuendelea na kitu kingine. Mimi nilikuwa nikitikisa mguu chini ya meza hadi yeye akanisihi nitoke nje nikapunge upepo.

Wiki hiyo mkuu wa mradi, mama mmoja daktari wa viumbe wa majini aliyekulia pwani ya ziwa huko Mara, alinipa kazi. Alitaka orodha mbili, moja ya sangara wote tuliowapima na nyingine ya wale waliofika sentimita hamsini, ili aende kuzungumza na wavuvi juu ya samaki wachanga wanaovuliwa. Niliifanya kabla ya chakula cha mchana. Niliiita orodha ya kwanza "wote", nikaandika kwamba "wakubwa" ni sawa na "wote", kisha kwenye "wakubwa" nikafuta kila samaki aliyepungua sentimita hamsini. Nikahifadhi zote mbili juu ya faili la zamani, nikachapa taarifa. Mkuu aliisoma mara mbili.

"Wachanga hawapo kabisa?"

"Ndivyo mashine inavyosema, mama."

Alikunja uso kidogo, akaiweka kwenye mkoba.

Kesho yake asubuhi mkuu alikuwa amekwisha kuondoka na gari la mradi kwenda kwa wavuvi mwaloni, upande wa kivuko, Mwalimu alipoingia. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi.

"Hebu nitafutie samaki mdogo kuliko wote kwenye ile orodha ya kwanza," alisema.

Mashine ikatoa hamsini kamili.

"Mimi juzi nimepima mmoja anaenea kiganjani," alisema taratibu. "Huyo wangu yuko wapi?"

Nilifungua orodha ya pili. Zilikuwa sawasawa, namba kwa namba. Mwalimu alikuwa ameshavuta kile kitita na kukifungua katikati, akaweka kidole kwenye swali: kwa nini nikibadilisha orodha moja, na nyingine inabadilika? Jibu lilikuwa mistari michache. Mashine haikunakili kitu. Niliipa orodha ileile jina la pili, na nilipofuta kwa jina moja nilikuwa nimefuta kote.

Nilichukua mkoba nikatoka bila kuaga, nimuwahi mkuu kabla hajaisoma taarifa ile mbele ya wavuvi.

Lori la mnunuzi wa pamba lililokuwa likielekea Misungwi lilinibeba, nikashuka Usagara kwenye njia panda. Pale nilisubiri gari la kivukoni. Kina mama wauza machungwa walinikaribisha kwenye benchi lao nikakataa. Nilitembea hadi kwenye kibao cha barabara, nikarudi, nikatembea tena, nikipanga maneno na kuyapangua. Nilijiona tena nyumbani na ufagio mkononi. Mwishowe fundi mmoja mwenye pikapu iliyopakia mbao akanichukua.

Nilikuta kikao kimeanza. Mkuu alikuwa amesimama na taarifa yangu, na mzee mmoja mvuvi alikuwa akimwuliza kwa upole tu, "Mama, kama wachanga hamkuwaona, hawa tunaowala nyumbani wanatoka wapi?" Watu wakacheka. Mkuu aliniona. Nilimsogelea nikamnong'oneza kwamba kosa ni langu.

"Waambie mwenyewe," alisema, akakaa.

Niliwaamkia wazee. Nilieleza kwamba wachanga walikuwepo kwenye fomu tulizojazia vipimo, ila mimi niliwafuta bila kujua, kwa sababu nilidhani nina orodha mbili kumbe ninayo moja yenye majina mawili. Nilidhani hawataelewa. Mama mmoja mchuuzi, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo yake, akainua mkono.

"Ni kama mwanangu wa kwanza," alisema. "Shuleni wanamwita jina la ubatizo, nyumbani tunamwita jina la babu yake. Ukimnyoa nywele huyu wa nyumbani, yule wa shuleni naye hana nywele."

"Ndiyo, mama. Ndivyo hasa."

"Sasa ulikuwa unataka mapacha."

"Nilikuwa nataka mapacha."

Nikacheka pamoja nao.

Tulirudi pamoja kwa gari la mradi. Nilikuwa nimeshajiandaa kufukuzwa. Tulipokaribia Nyegezi mkuu aliuliza tu kama fomu za karatasi bado zipo. Nikasema zipo zote, nyingine zina magamba ya samaki. "Basi anzeni na za mwezi wa kwanza," alisema. Tulizichapa upya wiki tatu, Mwalimu akisoma na mimi nikiandika, na mara hii nilinakili orodha kabla ya kuigusa. Siku tulipomaliza nilichukua kile kitita, nikaanza swali la kwanza.

Mradi ulipofikia mwisho niliajiriwa kufundisha kompyuta kwenye chuo kidogo mjini. Wanafunzi wangu wengi wana haraka kama niliyokuwa nayo, na wengine wameachishwa kazi mahali fulani. Nawaambia wasiruke maswali. Wananiitikia, "Sawa, mwalimu," huku macho yao yako dirishani. Mimi mwenyewe nafundisha nikitembea huku na huko. Kiti cha mwalimu sijakizoea.