Wajapani Waliotota Kibokoni

Nikisikia harufu ya iliki inayotwangwa huku nje mvua inanyesha, mimi hukumbuka viatu. Viatu vya Wajapani, vimejaa maji, vimepangwa safu moja kwenye ukumbi wa nyumba yetu ya Kibokoni, ncha zimeelekea nje kana kwamba vyenyewe vinangoja kuondoka. Hakuna aliyewaambia wavivue. Mama alivitazama akasema, "Hawa wamelelewa."

Nawaambieni bila kusita: ziara ya siku ile ndiyo bora kabisa iliyopata kufanywa katika Mji wa Kale, na aliyeiongoza hakuwa Baba.

Baba ndiyo kwanza alikuwa ameacha kazi ya hoteli ili atembeze watalii kwa kujitegemea. Miaka hiyo ya tisini, mwezi wa Mei ulikuwa wa mvua tele na wageni haba. Lakini Wajapani wana sikukuu zao zinazofuatana mwanzoni mwa mwezi huo, na wenye uwezo husafiri. Bi Keiko, Mjapani aliyeishi Nairobi, alikuwa akiwaleta pwani, na alikubali kumjaribu Baba kwa kikundi kimoja. Akiridhika, angemletea kila mwaka. Asiporidhika, Baba angerudi hotelini kuomba kazi kwa watu aliowaaga kwa mbwembwe.

Basi tulijiandaa. Nasema tulijiandaa kwa sababu mtalii nilikuwa mimi, binti wa miaka tisa. Nilivaa miwani ya jua ya Baba, nikaning'iniza shingoni pakiti tupu ya sabuni iwe kamera, naye akanitembeza: Ngome, Ndia Kuu na milango yake ya nakshi, Bandari ya Kale, kisha soko la viungo. Kila kituo kilikuwa na maneno yake ya Kijapani, aliyojifunza kwa kaseti. Kazi yangu ilikuwa kusema "Aaa!" na kuinama. Niliinama vizuri, msinicheke.

Siku yenyewe ilianza kwa jua. Walipotoka Ngomeni na kuingia vichochoroni, mbingu zikafunguka. Hayakuwa manyunyu. Ilikuwa masika yenyewe, maji yakimwagika kutoka mapaani na kugeuza vichochoro kuwa mifereji. Mama na mimi tulikuwa jikoni, yeye akikanda unga wa mahamri nami nikitwanga iliki, tuliposikia sauti ya Baba barazani kwetu. Nikachungulia dirishani. Wageni walikuwa wamejibanza ukutani chini ya roshani, na Baba, shati limemganda mwilini, alikuwa akiwaeleza nakshi za mlango wetu kwa sauti ya kushindana na mvua. Hakuna aliyezitazama. Bibi mmoja mzee, mdogo wa umbo karibu sawa na mimi, alikuwa akitetemeka mwili mzima.

Mama akajifuta unga mikononi, akaufungua mlango wote, mabamba yote mawili.

"Ndooni ndani," akasema.

Baba akamsogelea, akamnong'oneza. "Mama Zuhura, hawa wamekuja kutembezwa mji. Hawakuja kutazama sufuria zetu."

"Na sisi je, si mji?"

Bi Keiko alisikia, maana Kiswahili alikijua. Akacheka, akawageukia wenzake na kuwaambia maneno mawili matatu, nao wakaanza kuvua viatu.

"Zuhura," Mama akaniita, "panda juu ulete leso. Zile za sandukuni."

"Zile mpya?" Leso zile zilikuwa hazijavaliwa na mtu. Niliahidiwa zitakuwa zangu nikiolewa.

"Kwani wataka nimvike mgeni matambara?"

Nilizileta nimenuna. Wanawake wakafungwa leso, wanaume wakapewa vikoi vya Baba, na bwana mmoja mwenye kitambi akawa anazunguka ukumbini akijipigapiga tumbo kwa furaha. Yakaja mahamri ya moto, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Yule bibi mzee, alipopata joto, hakutaka kukaa. Alimfuata Mama jikoni, akaiona mbuzi ya kukunia nazi, akaashiria kwamba na yeye anataka kujaribu. Mama akamkalisha, akamwelekeza mikono.

"Hivyo hivyo, mamangu, pole pole. Usije ukakuna vidole."

Bibi akajibu kwa Kijapani, maneno mengi, Mama naye akaitikia kana kwamba ameelewa yote. Wenzake wakajazana mlangoni kupiga picha.

Baba alikuwa amekaa ngazini kama mtu aliyefikwa na msiba. Bi Keiko akamfuata na kikombe chake mkononi.

"Bwana Salim, mwaka ujao tuanzie hapa. Ngome tutaiona baadaye."

Baba akamtazama, akamtazama na Mama kule jikoni. "Ngome haiendi popote," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona akicheka.

Mvua ilipokatika waliondoka, yule bibi akiwa na leso mabegani. Mama alimwambia ni yake. Mimi nililia. Walikuja wengine mwaka uliofuata, na mwingine, na Baba hakuomba tena kazi hotelini.

Kwa miaka mingi niliamini Mama alizaliwa na ujasiri ule. Wiki ya harusi yangu ndipo shangazi yangu, dada yake Baba, aliponieleza. Mama alitoka Rabai, huko mashambani, na bibi yangu mzaa baba, mwenye nyumba ile ya Kibokoni, hakumtaka kwa kuwa si mtu wa mji. Siku alipoletwa kuwa mke wa Baba mvua ilinyesha, na bibi akamwacha barazani pale pale kwetu mpaka akatota. Hata baadaye, dada zake Mama walipokuja kumwona, walipokelewa pale pale nje. Bibi alikuwa amefariki miezi michache tu kabla ya wale watalii kuja.

"Hao Wajapani," shangazi akasema, "ndio wageni wa kwanza mamako kuwakaribisha nyumba ile bila ya kumuomba mtu ruhusa."

Miaka yote nilidhani siku ile niliwaona wageni wakiingia nyumbani kwetu. Kumbe aliyeingia alikuwa Mama.