Blanketi la Vipande na Mtoto Aliyekawia

Namshukuru Mungu aliyenifikisha umri wa kuhitaji miwani ili nitunge uzi kwenye sindano, kazi ambayo zamani niliwafanyia wengine. Asifiwe yeye anayetujua tukiwa bado tumboni.

Juzi nilifungua sanduku la marehemu mama hapa Kakamega, nikapokewa na harufu ya dawa ya nondo na moshi wa kuni. Ilinibidi niketi. Nilikuwa tena na miaka tisa, nimejificha nyuma ya magunia ya mahindi, na mkononi nina wembe.

Mama alikuwa amezika watoto wawili, kila mmoja kabla ya kumaliza wiki. Mablanketi yao, moja la manjano na moja la samawati, laini kama kifaranga, yalibaki sandukuni. Alipopata mimba tena, Kukhu, mama mzaa baba, alituonya: "Hatushoneangi mtoto nguo akiwa tumboni. Ukimwandalia, kifo kinasikia." Hata pini haikununuliwa.

Lakini nilimtaka sana mtoto huyo. Niliyakata mablanketi yale kwa siri, vipande vya mraba, nikaviunga manjano kwa samawati. Mishono yangu ilifanana na nyayo za kuku kwenye matope.

Uchungu ulimshika mama asubuhi, safu mbili za blanketi langu zikiwa zimebaki. Mkunga, jirani yetu, mwanzoni alitania mlangoni: "Huyu ana kichwa kigumu kama babake. Anataka kubembelezwa!" Kufikia saa nane, mvua ya mawe ikinyesha, utani ulikuwa umekwisha. Kisha kilio cha mama nacho kikafifia, na hilo likanitisha zaidi.

Nilijua ni mimi. Nikachukua wembe, nikaanza kufumua. Kwa kila uzi niliokata nilinong'ona, "Mungu, sijashona. Sijashona."

"Unafanya nini huku, wewe mtoto?" Kukhu alikuwa amesimama juu yangu.

"Nimemuua, Kukhu."

Aliyatambua mablanketi. Nilingoja kofi. Akaninyang'anya wembe, akaketi sakafuni kando yangu.

"Lete sindano."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema. Tunga uzi, macho yangu hayaoni. Mtoto akitoka na baridi hii, tutamfunika na majani ya ndizi?"

Tukashona, yeye upande huu, mimi ule, mabati yakipigwa juu yetu. Alijichoma mara mbili, akaendelea. Pindo moja lilikuwa limebaki mkunga alipoita, "Leteni nguo!" Kukhu alikata uzi kwa meno, akakimbilia chumbani kwa mama, nami nyuma yake.

Mtoto alikuwa kimya. Mkunga alimsugua kwa vipande vile, mgongo, kifua, mgongo tena. Nilihesabu mabati ya paa. Kisha mtoto akapiga chafya, akalia kwa hasira.

Ndugu yangu huyo sasa ana mvi. Kwa miaka mingi nilidhani siku ile Kukhu alinisamehe tu. Mpaka nami nilipozika watu wangu ndipo nilipoelewa kwamba aliiogopa sindano ile kuliko nilivyoiogopa mimi, maana ndiye aliyewaosha wale watoto wawili kabla ya kuzikwa. Aliishika hata hivyo, ili kama ni lawama, nisiibebe peke yangu.

Blanketi lile ndilo nililolikuta sandukuni juzi, pindo lake bado halijashonwa. Mjukuu wangu anatarajia mtoto mwezi ujao, na leo nimelianza.

Nawe unayesoma, Mungu akupe mtu wa kuketi sakafuni kando yako siku utakayodhani kosa lote ni lako.