Nusu Saa ya Mzee Nassor

Niliapa sitamwambia mtu, lakini jambo hili limenikaa rohoni. Mimi ni fundi magari hapa Deira, mjini Dubai, mtu wa Mombasa. Mzee Nassor, Mzanzibari aliyeishi huku miaka mingi, aliniletea gari lake la zamani la Kimarekani, lenye injini kubwa, ambalo likishapata moto ukilizima haliwaki tena. Nikabadilisha stata, ile mota ya kuwashia injini, nikamwambia, "Khalas, mzee, limepona."

Tangu hapo, kila Ijumaa akitoka msikitini alipita gereji, akazima gari, tukanywa kahawa nusu saa, kisha akaliwasha na kwenda zake. Nikajigamba kwa wenzangu kwamba mzee amenifanya mwanawe.

Wiki iliyopita tulimzika. Mwanawe, Said, akanirudisha kwa gari lilelile. Njiani tukasimama kujaza petroli. Kuliwasha, kimya.

"Tangu nilitengeneze halijawahi kufanya hivi," nikasema upesi.

Said akatoa chupa ya kahawa chini ya kiti.

"Hufanya hivi kila siku, fundi. Baba alikuwa akingoja lipoe. Alituusia tusikwambie, usije ukaona haya."

Akanimiminia kikombe, tukangoja.