Askofu wa Kamukuywa

Shangazi yangu Phelista amewadanganya kumbikumbi kwa miaka arobaini, na hajawahi kuungama. Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake hapa Kamukuywa. Unafunika kichuguu kwa majani ya migomba, unachimba shimo pembeni, kisha unaketi na kugonga ubao kwa vijiti viwili, polepole, halafu kwa kasi, mpaka walio chini waamini kwamba mvua inanyesha. Wanatoka na mabawa yao, wanafuata mwanga, wanaanguka shimoni. Mnakula, na wanaobaki anawapeleka soko la Kitale.

Alipoolewa, shamba lilikuwa na vichuguu kumi na viwili, vingine vikiwa na majina. Sasa kimebaki kimoja, Askofu, kinachoitwa hivyo kwa umbo la kofia yake. Vingine vilisawazishwa ili trekta ipite kwenye miwa, vingine vikanyunyiziwa dawa ya mchwa. Uyoga mweupe uliokuwa ukiota juu yake ukaisha, na wale ndege waliokuja kugombania mabawa hawakuja tena. Sikumbuki ni mwaka gani tuliacha kuwaona. Kitu kikiondoka polepole hivyo, hakuna anayekisindikiza.

Mwaka huu Askofu alitakwa na Wakoli, ndugu wa marehemu mume wa shangazi. Udongo wa kichuguu hutoa matofali mazuri, na Wakoli anajenga jiko.

"Mama Kizito, hicho kitu hakizai tena," alimwambia. "Kinakaa tu kuangalia barabara, kama mimi."

"Basi tuanze kubomoa wewe, shemeji."

Wakakubaliana hivi: Askofu akitoa kumbikumbi wa kujaza gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia mahindi, kabla ya Pasaka, anabaki. Asipotoa, anakuwa jiko.

Mvua ya Machi haikuja. Redio ilisema ingenyesha Jumanne. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu naye anagonga ubao wake." Aligonga wiki tatu. Alibadilisha vijiti. Alimwaga maji kwa kopo lenye matundu, akiwa amejifunika gunia kichwani ili mambo yafanane na mvua kweli. Akatoka kumbikumbi mmoja, akalitazama jua, akarudi ndani.

"Hawa wa siku hizi wanauliza kwanza," alisema.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka, mvua ilishuka bila taarifa, na asubuhi jua likawaka. Shangazi alikuwa tayari na ubao wake, lakini Wakoli alikuwa amemtuma fundi wa matofali kutoka Kibomet, Ndirangu, mtu mrefu, mpole, asiyekula kitu chenye zaidi ya miguu minne.

"Mama, naomba unipishe nianze."

"Pasaka ni kesho. Lakini kama mkono unakuwasha, gonga upande ule."

Ndirangu akapiga sururu, taratibu, kwa mdundo wa mtu anayelipwa kwa siku. Kufika pigo la kumi, ardhi ikaanza kutembea. Walitoka kwa mamia, wakamiminika shimoni, wengine wakapanda miguu yake.

"Usiache," shangazi alimwambia. "Uko na mkono kushinda mama mkwe wangu."

"Mama, wako ndani ya suruali."

"Hao ni wangu. Usiwakanyage."

Wakoli alifika akachuchumaa kando ya shimo. Alimchukua mmoja, akang'oa mabawa, akamtia mdomoni. Akachukua mwingine.

"Naangalia tu kama wako sawa," alieleza. Aliangalia hivyo kwa saa nzima, kwa mikono yote miwili.

Walipoacha kutoka, shangazi alipima. Gorogoro ya kwanza ilijaa. Ya pili ilipungua vidole viwili. Alipekua shimo, akatikisa majani ya migomba, akamwomba Ndirangu akung'ute suruali. Wakapatikana saba.

Wakoli alisimama, mabawa matatu yamenata kwenye ndevu.

"Pole, Mama Kizito. Lakini tulikubaliana, bana. Ndirangu, endelea na kazi."

Shangazi aliichukua ile gorogoro ya pili, akamsogelea Wakoli, akaiweka sambamba na tumbo lake, akapima kwa macho.

"Waliobaki wako hapa," alisema. "Ndirangu ni fundi, umeona mwenyewe akigonga wanatoka. Leta sururu, baba."

Ndirangu ni mtu anayefuata maagizo. Alisogea na sururu begani, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akingoja kuambiwa upande wa kuanzia.

Wakoli akafunga vifungo vya koti.

"Ati matofali ya Kanduyi hayana shida," alisema. "Nitaagiza huko."