Mikro ya Mtu Asiyesalimia

Usije ukaniambia nilikuwa na homa. Sikuwa na homa, sikuwa nimekunywa, na giza halikuwepo. Lilikuwa jua la alasiri, jua la kiangazi lenye vumbi la malori, na mi nilikuwa nimesimama dukani kwa Tata Kalenga, fundi wa mtaa wa Kasulo, gitare mkononi. Niliyoyaona niliyaona. Tata Kalenga mwenyewe yuko hai, nenda ukamuulize. Ila hatakujibu, na sababu ya kutokukujibu ndiyo hii ninayokueleza.

Mi napiga gitare katika kikundi cha metal, ule muziki mkali wa gitare. Ndiyo, hapa Kolwezi, Kongo, mji wa migodi. Ndiyo, mwanamke. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee. Tuko watatu: mi, Mwamba anayepiga besi na kuimba kwa kunguruma, na Kapend wa ngoma. Mchana nauza dawa katika famasi, jioni tunafanya mazoezi ndani ya gereji ya shangazi yake Mwamba, huku majirani wakituombea kwa sauti kubwa kuliko yetu.

Mwaka ule tulialikwa kupiga Lubumbashi, katika ukumbi wa kweli, mara ya kwanza. Gitare langu lilikuwa na mbao nzuri na shingo nzuri, lakini mikro zake zilikuwa takataka. Mikro ni vile vidude vinavyokaa chini ya nyuzi, vyenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Ndivyo vinavyosikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye ampli, ile mashine ya kukuza sauti. Sasa, metal ya siku hizi tunalegeza nyuzi hadi chini kabisa, halafu tunatia ukali mwingi. Mikro dhaifu ukiipa kazi hiyo inakupa uji. Noti zote zinakuwa ngurumo moja, hata mpigaji mwenyewe hajui amepiga nini.

Mwamba alitaka tuagize zile zinazotumia betri. Alisema ni safi, zina nguvu, hazivumi. Mi sikuzitaka. Ukigusa uzi kwa upole au kwa hasira, zinatoa sauti ileile, kama sabuni zinazotoka kiwandani. Nilitaka isiyo na betri, ya koili mbili, yenye sumaku ya kauri ili ibane besi, na zaidi ya yote iwe imechovywa katika nta. Nta inashika ule waya usitetemeke. Mikro isiyo na nta, ampli ikiwa kali, inapiga mluzi kama birika. Hata ukiongea karibu nayo, inakusikia, na maneno yako yanatokea kwenye ampli. Kwa metal, mikro ya namna hiyo ni ya kutupa.

Tuligombana kwa jambo hilo mpaka Mwamba akaacha kunisalimia. Nikaenda kwa Tata Kalenga peke yangu.

Tata Kalenga alitengeneza redio, ampli na vipaza sauti vya makanisa yote ya upande ule. Lakini watu hawakumjua kwa mikono, walimjua kwa sauti. Alikuwa na sauti ya chini, nzito, yenye joto. Ndiye aliyeongoza kwaya ya parokia, ndiye aliyeitwa msibani kuwashukuru watu kwa niaba ya familia. Na alipenda kuongea, ee Mungu wangu. Ukimpelekea redio ndogo, unarudi nyumbani unajua habari za ukoo wake wote.

Siku ile alitandika mezani mikro alizokuwa nazo, nyingi zimetoka kwenye magitare yaliyokufa. Tukachambua. Chini ya sakafu tulisikia watu wakigonga, maana jirani alikuwa amechimba sebuleni mwake kutafuta madini na shimo lilikuwa limeshavuka ukuta. Hatukujali, Kasulo ndiyo hiyo. Tulibaki na mbili. Moja ilikuwa na sauti tamu lakini laini mno. Nyingine ilikuwa ya kauri, kavu, kali, imekwaruzika juu. Nilikuwa nimeishika hiyo ya pili mtu yule alipoingia.

Hakusema hodi. Hakusema jambo. Unajua kwetu, hata mtu aliyekuja kukutukana anakusalimia kwanza, halafu anakutukana. Huyu alipita kati yangu na Tata Kalenga kana kwamba tulikuwa viti. Alivaa shati jeupe, na niamini, halikuwa na vumbi hata chembe. Mtu anawezaje kutembea Kasulo wakati wa kiangazi akafika na shati jeupe? Alifagia meza kwa mkono wake, mikro zetu zikaanguka chini, akaweka yake moja, nyeusi, isiyo na jina. Akaninyooshea kidole, kisha akaonyesha gitare langu.

Nilimuuliza ina sumaku gani. Alinitazama tu. Nilimuuliza kama imechovywa nta. Akapiga kofi mezani.

Mi nilitaka kuondoka. Tata Kalenga, mtu wa amani, akaninong'oneza kwamba pengine ni bubu, maskini, tuijaribu kidogo kisha tumrudishie. Akaunganisha zile nyaya haraka, akafunga skrubu, akachomeka kwenye ampli yake ya majaribio. Nikapiga.

Siwezi kusema uongo. Ilikuwa mikro niliyoiota. Besi iliuma na kuachia, kila noti ilisimama peke yake, hata chini kabisa. Kwa muda mfupi nilimsahau yule mtu. Halafu mluzi ukaanza, mwembamba, ukipanda, nikajua haina nta. Nikashika nyuzi ili kuunyamazisha. Tata Kalenga akainama nyuma ya ampli kutafuta kama kuna waya uliolegea.

Hapo ndipo yule mtu alipoinamia gitare langu, akasogeza mdomo karibu na nyuzi, na midomo yake ikacheza. Hewani hapakutoka kitu. Sauti ilitoka kwenye ampli.

"Sema," iliniambia.

Ilikuwa sauti mbovu, imechakaa kama kaseti iliyochezwa mpaka ikaisha. Baadhi ya herufi zilikuwa hazimo tena.

"Sema humu ndani. Mi siko naomba."

Nikafanya kitu ambacho mpiga gitare hukifanya bila kufikiri: nikazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, kimya. Na yule mtu akaendelea kusema, midomo inakwenda, shingo imevimba kwa hasira, na hapakuwa na sauti yoyote, si kwenye ampli, si kinywani mwake. Alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake havikuwa baridi kama watu wanavyosimulia. Vilikuwa vya moto. Akageuza kitufe mwenyewe, sauti ikarudi katikati ya neno: alikuwa ananitukania mama yangu.

Nikafunga mdomo. Sikujua kwa nini, lakini nilijua hicho ndicho asichokitaka. Alinibana mkono mpaka machozi yakanitoka, na sikufungua mdomo.

Tata Kalenga aliinuka. Alikuwa amesikia maneno lakini hakuwa ameona ile midomo. Yeye aliona mtu mgonjwa wa akili amenishika mkono na mikro mbovu inayosikia maneno. Alimsukuma yule mtu pembeni, kwa adabu, akanigeukia.

"Mama, usiogope. Haina nta, njo maana inasikia mudomo. Acha nikuonyeshe."

Nilitikisa kichwa. Nilimvuta mkono wa shati. Nilishindwa kumwambia kwa maneno, maana gitare lilikuwa kifuani mwangu na mikro ilikuwa karibu na kinywa changu, nikaogopa kutoa hata pumzi. Tata Kalenga alicheka kile kicheko chake kizito, akainama kama fundi anavyofanya kila siku, akasemea juu ya nyuzi, akihesabu kwa Kifaransa:

"Un, deux, trois. Jambo, Kolwezi."

Ampli ilitoa "un". Ilitoa "deux". Hapo katikati ya "trois" ikakatika, na yaliyobaki hayakutoka kwenye ampli. Yalitoka kinywani mwa yule mtu. Alisimama wima pembeni ya mlango, mdomo wazi, na ndani yake ikatoka sauti ya Tata Kalenga, safi, nzito, yenye joto: "Jambo, Kolwezi." Akajaribu tena, taratibu, kama mtu anayevaa koti jipya. Halafu akatuinamishia kichwa.

"Aksanti, tata," alisema. Akatoka.

Na alipofika nje akasalimia. Aliwasalimia kina mama wanaouza makaa mmoja baada ya mwingine, na wakamwitikia bila kuinua vichwa, "Jambo, Tata Kalenga," maana masikio yao yalimjua. Akapanda pikipiki iliyokuwa inapita, akaenda.

Tata Kalenga alikuwa bado amesimama, mkono kooni. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nililisoma jina la mkewe hapo kwenye midomo, mara nyingi, na sikusikia kitu.

Tulimpeleka hospitali. Daktari alimulika koo, akasema kila kitu kiko mahali pake. Padri alikuja, mchungaji alikuja. Mama Odile, mkewe, alimpikia kila jani alilotajiwa. Hapana. Ile mikro nyeusi haikutoa sauti tena hata ya nyuzi, nikaichomoa. Tata Kalenga akaipasua kwa nyundo mbele yangu. Ndani hapakuwa na waya. Hapakuwa na sumaku. Palikuwa na tundu tupu, kama jino lililooza.

Ungedhani imeishia hapo? Baada ya muda simu ya Mama Odile ililia. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta dawa. Tata Kalenga alikuwa ameketi kwenye kiti chake, karibu kabisa na mkewe, na kutoka kwenye simu tukasikia sauti yake ikimwita mkewe amfuate.

"Odile, mi niko Mutshatsha, ku gare. Kuya. Kuya weye moja, usiambie muntu."

Mama Odile alimtazama mumewe. Mumewe alimtazama yeye. Sijawahi kuona macho kama yale na sitaki kuyaona tena. Mwanamke yule ana moyo.

"Mutoto wetu wa kwanza," alisema, "tulimuzika na jina gani?"

Ile sauti aliyoipenda tangu usichana wake ikamtukana, maneno ambayo mumewe hajawahi kumtamkia maishani, na simu ikakatwa. Tata Kalenga akaficha uso wake katika kitambaa cha mkewe. Alilia bila sauti.

Mwimbaji mmoja wa kwaya alisafiri mpaka Mutshatsha kuulizia. Watu wa stesheni walimwambia, ndiyo, mtu mwenye shati jeupe alikaa pale. Aliimba kwenye matanga ya watu asiowajua, akawaliza wajane, akala vizuri, akaondoka. Walimsifu. Walisema tu kwamba siku za mwisho sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza.

Sisi Lubumbashi tulikwenda. Tata Kalenga aliniwekea ile mikro ya kauri, akaichovya nta kwa mikono yake, mara mbili, bila kusema neno, na Mwamba hakutaja betri tena. Watu walipiga kelele za furaha. Lakini fundi wa ukumbi aliponiletea kipaza sauti niseme jina la kikundi, nilirudi nyuma hadi nikagonga ngoma za Kapend. Mpaka leo sisemi karibu na kitu chochote chenye waya. Simu naishika mbali na kinywa, na wateja wa famasi wanadhani nina maringo.

Sasa nisikilize wewe unayesoma. Umeelewa maana ya ile sauti kukwaruza? Maana yake ni kwamba inakwisha, na ikikwisha atatafuta nyingine. Sijui yuko wapi. Pengine ameshafika kwenu. Basi mtu akiingia dukani kwako bila kukusalimia, akakusukumia kitu mbele yako na kukuamrisha useme, acha akutukane, acha akuvunje mkono. Usimjibu. Na usimwache mtu unayempenda ajibu kwa niaba yako.